Siku Tatu Valencia, Mji wa Jua na Machungwa

Tulipofunga ndoa miaka 24 iliyopita, fungate yetu ilikuwa usiku mmoja nyumbani kwa shangazi, kisha basi la asubuhi kurudi kwetu, kwa kuwa mmoja wetu ni muuguzi na alikuwa na zamu wodini. Tangu hapo hatukuwahi kusafiri wawili tu. Safari zetu zilikuwa za misiba, za kupeleka watoto bweni, na za semina za kanisa. Kwa hiyo mwezi Juni 2025, tulipokuwa wageni wa usharika rafiki huko Ujerumani, na wenyeji wetu wakatukabidhi bahasha yenye tiketi mbili za ndege, tulidhani wamekosea.

"Mmetembelea vikundi vyetu vyote na mmekula mikate yetu yote," wakatuambia kwa utani. "Sasa nendeni mkaote jua. Mtarudi Jumapili jioni."

Akina mama wenzetu, tungependa kuwasimulia siku tatu hizo. Tuliona mengi mazuri, nasi tutayaeleza. Lakini liko pia jambo moja ambalo hatukulitarajia, na kwa ajili ya hilo hasa tumeshika kalamu.

Mji wenyewe

Valencia ni mji wa tatu kwa ukubwa katika Hispania, baada ya Madrid na Barcelona. Uko upande wa mashariki, kwenye pwani ya Bahari ya Mediterania. Kutoka uwanja wa ndege tulipanda treni ya chini ya ardhi, na baada ya muda usiozidi nusu saa tukatokea katikati ya mji. Loo, jua! Baada ya majuma mawili ya kuvaa makoti, tulisimama pale kando ya barabara tukiwa tumefumba macho kama mijusi juu ya jiwe.

Mitaani imepandwa michungwa mingi. Baba watoto, ambaye hapiti mti wa matunda bila kuuchunguza, alitaka kuchuma. Mpita njia mmoja akatikisa kidole na kukunja uso kutuonyesha kwamba machungwa ya barabarani ni makali, hayaliwi hivihivi. Machungwa matamu yako mashambani, nje ya mji, nayo ndiyo yanayosafirishwa kwenda nchi nyingi za Ulaya.

Lililotushangaza zaidi siku ile ya Ijumaa ni saa zao. Mwezi Juni jua linatua karibu na saa tatu na nusu usiku. Chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au hata saa nne. Saa tano za usiku tuliwakuta bibi wazee wamevaa vizuri, wameshikana mikono, wanatembea uwanjani, na watoto wadogo wakicheza mpira mbele yao. Kwetu sisi, ambao saa mbili tumeshafunga mlango na kuanza sala, ilikuwa kama kuona usiku umegeuzwa mchana.

Sokoni na jikoni

Mama akifika mji mgeni, mpelekeni sokoni kwanza. Soko Kuu la Valencia lilifunguliwa mwaka 1928, na jengo lake ni la chuma, vioo na vigae vya rangi, na lina kuba juu yake kama kanisa. Halifunguliwi Jumapili, basi tulikwenda Jumamosi asubuhi na mapema. Tuliona nyanya kubwa kama ngumi mbili, maharage mabichi mapana, zafarani, konokono hai ndani ya nyavu, na mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi yakining'inia kama nguo kwenye kamba. Wauzaji wengi ni wanawake, nao wanaita wateja kwa sauti tamu kama wanavyoita akina mama wa kwetu.

Hapo sokoni tulikunywa kinywaji kiitwacho horchata, nacho tunapenda kuwaeleza kwa sababu kitawachekesha. Ni cheupe kama maziwa, kitamu, na kinanywewa baridi sana; lakini hakina maziwa hata tone. Kinatengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea ambao ni ndugu wa ndago. Naam, ndago ile ile inayotuvunja mgongo tukiipalilia! Wao wanapanda aina yake yenye viazi vitamu, wanavikausha, wanaviloweka, wanavisaga kwa maji, na kukamua kama tunavyokamua tui la nazi, kisha wanatia sukari. Baba watoto alisema, "Kumbe wengine wanaishi kwa kile sisi tunachong'oa na kutupa." Alisema kwa kucheka, lakini neno hilo lilitufuata siku nzima.

Mchana tulikula paella, wali wa kwao. Mchele ni mfupi na mnene, nao unalimwa katika majaruba yanayozunguka ziwa la Albufera, kusini ya mji. Waarabu waliotawala sehemu hizo kwa karne nyingi ndio walioeneza kilimo cha mpunga na mifereji ya kumwagilia, na hata jina Albufera ni la Kiarabu, maana yake bahari ndogo. Wali hupikwa katika sufuria pana, bapa, isiyo na mfuniko, kwa nyama ya kuku na sungura, maharage mabichi, maharage makubwa meupe na zafarani. Ukishatia mchele hutakiwi kukoroga. Na sehemu inayogombaniwa ni ukoko ulioshika chini! Tuliwakumbuka watoto wetu wakipigania ukoko wa pilau.

Nyumba ya wasio na hatia

Kabla ya chakula hicho, tulipotoka sokoni, tulitembea dakika chache hadi Mtaa wa Hospitali. Tulivutwa na jina tu, maana muuguzi hapiti hospitali bila kuchungulia. Tulikuta maktaba ya umma. Ukiingia ndani, utaona kumbi ndefu zinazokutana katikati kwa umbo la msalaba, zenye safu za nguzo, na watu wamekaa kimya wakisoma. Lakini mtu aliyewahi kufanya kazi wodini anatambua mara moja: hizi zilikuwa wodi. Pale penye meza palikuwa na vitanda.

Habari ya mahali hapo ni hii. Tarehe 24 Februari 1409, padri mmoja aitwaye Joan Gilabert Jofré alikuwa njiani kwenda kanisa kuu kuhubiri. Njiani aliwakuta vijana wakimpiga na kumdhihaki mtu mwenye ugonjwa wa akili. Aliingia kati, akamkinga. Kisha akafika mimbarani, akayasema yale aliyoyaona. Aliwaambia watu kwamba mji una misaada mingi kwa maskini, ila hawa waliopoteza akili hawana mtu wala mahali. Wanatangatanga wakiumia kwa njaa na baridi na mikono ya watu wabaya.

Waliosikia hawakuishia kusema amina. Wafanyabiashara na mafundi wa mji walijiunga, wakachanga fedha, na mwaka 1410 nyumba ikafunguliwa. Ni mojawapo ya hospitali za kwanza kabisa Ulaya zilizoanzishwa mahsusi kwa wagonjwa wa akili, ingawa hospitali za Waislamu, kama ile ya Cairo, zilikuwa zimekwisha kuwapokea wagonjwa wa namna hiyo kabla yake. Na jina waliloipa! Katika lugha yao waliiita hospitali ya wasio na hatia. Hawakuwaita waliorogwa, wala waliolaaniwa.

Nyumba ile haikuwa mbinguni. Siku zile hakukuwa na dawa, na wagonjwa wengine walifungiwa. Mwaka 1545 moto ulizuka na kuua wagonjwa. Iliunganishwa na hospitali nyingine za mji, na baada ya moto majengo yakajengwa upya. Mchoraji mashuhuri Joaquín Sorolla, mzaliwa wa mji huo, aliichora habari ya padri yule mwaka 1887, hivyo Valencia haijaisahau.

Tulikaa pale kwenye benchi muda mrefu kuliko tulivyopanga. Hatukusemezana.

Bustani ndani ya mto

Jioni ya Jumamosi tulishuka kwenye bustani ya Turia. Hii ni ajabu nyingine. Zamani mto Turia ulipita kando ya mji wa kale. Tarehe 14 Oktoba 1957 ulifurika vibaya, ukaua watu zaidi ya 80. Serikali ikaamua kuchimba njia mpya ya mto kusini ya mji. Mkondo wa zamani ukabaki mkavu. Wakubwa walitaka kupitisha barabara kuu ya magari humo, lakini wananchi walikataa, wakadai bustani. Leo mkondo huo ni bustani yenye urefu wa kilometa 9 hivi. Madaraja ya mawe ya zamani yapo bado, na chini yake, badala ya maji, wanapita watoto kwa baiskeli. Kuna hata sanamu kubwa ya jitu Gulliver lililolala chali, na watoto wanampanda na kuteleza juu ya mikono na nguo zake. Ukiifuata bustani kuelekea baharini unafika kwenye majengo meupe ya ajabu yaliyosanifiwa na Santiago Calatrava, mwana wa Valencia. Mengine kama jicho, mengine kama mifupa ya samaki.

Lakini maji hayajaacha kuusumbua mkoa huo. Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 220 katika mkoa wa Valencia. Katikati ya mji palisalimika, njia mpya ya mto ikiwa imesaidia. Miji midogo ya kusini, kama Paiporta, ambako maji yalishuka kwa korongo lingine, ndiyo iliyoumia. Siku zilizofuata maelfu ya watu, wengi wao vijana, walivuka kwa miguu daraja la kutoka mjini wakiwa wamebeba mafagio, makoleo na maji ya kunywa, wakaenda kuzoa matope katika nyumba za watu wasiowajua. Daraja hilo sasa linaitwa Daraja la Mshikamano.

Tulikuwa tumekaa chini ya mti tukila machungwa, alipokuja mama mmoja mtu mzima akamshika mkono mwanamume wa miaka kama 35. Walikaa kwenye benchi letu. Mwanamume alikuwa akijitikisa mbele na nyuma, akizungumza peke yake kwa sauti. Watu walipita wakawasalimu wote wawili, kwa majina. Tuliwagawia machungwa. Yule mama alimmenyea, akamfuta kidevu kwa leso, kisha akaweka kiganja kifuani pa yule mwanamume, halafu kifuani pake mwenyewe, akatabasamu. Hatujui Kihispania, lakini tulielewa: huyu ni mwanangu.

Kisha akatunyooshea kidole, akainua vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu. Na ninyi, mna watoto wangapi?

Baba watoto akainua vidole vitatu.

Wenzetu, tuna watoto wanne.

Yule wa nne

Huyu ni mtoto wetu wa pili. Alikuwa kidato cha tano, mwenye akili nyingi darasani, alipoanza kukosa usingizi, kisha kusikia sauti zisizosikiwa na mwingine. Alituambia tumemtilia sumu kwenye chakula. Siku moja alitoka bila viatu, akarudishwa na polisi. Katika familia yenye muuguzi na mzee wa kanisa! Mmoja wetu huwafundisha akina mama kliniki kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama kisukari, wala si aibu. Lakini ulipoingia kwetu, tulifunga mlango. Alipata dawa, akatulia kiasi, nasi tukampeleka kwa bibi yake kijijini. Watu walipouliza, tulijibu kwamba anasoma mkoa mwingine. Tulisema hivyo kanisani, tena baada ya ibada. Miaka mitatu.

Kwetu jina la hospitali ya wagonjwa hao limegeuzwa tusi la watoto wa mitaani. Tuliogopa tusi hilo. Tuliogopa nani atamchumbia dada yake. Tuliogopa watu watasema baba yake anasoma Neno madhabahuni na nyumbani kwake kuna pepo.

Usiku ule hotelini hakuna aliyelala. Baba watoto alikaa dirishani hadi sauti za watu uwanjani zikakoma. Mwishowe alisema, "Mkono ulijiinua wenyewe. Umezoea." Hatukulaumiana. Tulilia, tukaomba toba, na tulipomaliza tuliona kama mtu aliyetua mzigo ambao amesahau kwamba aliubeba.

Jumapili

Asubuhi tulikwenda kanisa kuu. Lina mnara wenye pembe nane, uitwao Miguelete, na ngazi zake ni 207. Tulizihesabu, na magoti yetu yalizihesabu pia! Ukifika juu unaona mapaa yote ya mji, na kuba zenye vigae vya buluu, na mbali kabisa, bahari. Ndani ya kanisa hilo kuna kikombe cha jiwe la akiki, ambacho wengi wanaamini ndicho Bwana alichotumia katika karamu ya mwisho. Hatukwenda kubishana. Tulisimama nyuma tukawaangalia wazee wakipiga magoti.

Jirani yake kuna kanisa jingine, lenye sanamu ya Mariamu waliyemwita Mama wa Walioachwa. Sisi si wa desturi hiyo ya kuheshimu sanamu. Lakini tuliposoma kwamba jina hilo lilianzia kwenye chama cha waumini kilichoundwa kusaidia hospitali ile ya wasio na hatia, tulisimama. Miguuni pa sanamu wamechongwa watoto wawili wadogo. Akina mama walikuwa wakiingia na watoto mikononi, wengine wazima, wengine kwenye viti vya magurudumu, wote mbele, si nyuma.

Tulitoka nje tukapiga simu kijijini. Bibi akampa simu.

"Mko wapi?" akauliza kijana wetu.

"Tuko Hispania, mwanangu. Kwenye mji wenye bahari."

"Kuna samaki?"

"Wapo wengi."

"Mtarudi lini?"

"Juma lijalo. Na tukirudi, tunakuja kukuchukua. Unarudi nyumbani."

Kimya kikawa kirefu hadi tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Chumba changu kipo?"

Kilikuwa kimegeuzwa stoo ya mahindi. Baba watoto akajibu, "Kipo."

Tuliporudi

Magunia yaliondoka siku ya pili baada ya kufika. Kijana yupo nyumbani sasa. Hatutawadanganya kwamba yote ni rahisi. Kuna siku anakataa dawa, kuna usiku tunaamka. Lakini anafuga kuku, anakwenda kliniki kila mwezi na baba yake, na Jumapili anakaa nasi, benchi la tatu kutoka mbele.

Siku tuliyosema ukweli kwenye jumuiya yetu, tulitegemea minong'ono. Minong'ono ilikuwapo. Lakini kabla juma halijaisha, mama wawili walikuja mlangoni kwetu, kila mmoja kwa wakati wake, jioni, wamejifunika khanga. Mmoja ana binti. Mwingine ana mume. Tulichemsha chai.

Mama mwenzetu, kama nyumbani kwako yuko mgonjwa wa namna hii, tunakuomba kama dada na kama muuguzi: mpeleke kliniki mapema, unapoona amebadilika usingizi, anajitenga, anasikia au anaona yasiyokuwapo. Usisimamishe dawa kwa sababu ametulia. Mara nyingi ametulia kwa sababu ya dawa hizo. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Muombee, tena sana, na dawa ameze. Usimfunge kamba. Usimfiche.

Nasi wengine tusio na mgonjwa, tusipite tukicheka. Yule padri alikuwa njiani kwenda kuhubiri; hata hivyo alisimama barabarani kwanza.

Wenyeji wetu wa Ujerumani waliandika kuuliza kama tulifurahia jua la Valencia. Tuliwajibu kwamba tulilifurahia mno, tena tumekunywa ndago. Na tuliwatumia picha. Wamo watoto wote wanne.